Kujenga, kutunza na kutangaza mkusanyo wa maktaba ya umma: ulinganisho wa njia zilizopo

Kamati inayoanzisha maktaba ya umma, au mkutubi anayekabidhiwa maktaba iliyokuwapo tangu zamani, hukutana mapema na maswali matatu ambayo kwa kawaida hujadiliwa kila moja peke yake: vitabu vipatikane kwa njia gani, vikishapatikana vitunzwe vipi, na wananchi wavifahamu kwa njia ipi. Makala haya yanalinganisha njia zinazotumika kujibu kila swali, lakini yana msimamo ambao ni vyema usemwe mapema, kwamba maswali hayo matatu kwa kweli ni uamuzi mmoja. Namna maktaba inavyonunua mwaka huu ndiyo itakayoamua ni nini kitakachoondolewa rafuni baada ya miaka kadhaa, na kile kisichoondolewa ndicho kinachofunika vitabu vizuri visionekane, hata matangazo yakiwa mengi kiasi gani. Kwa hiyo kila njia itapimwa hapa kwa mambo mawili tu: kama inamkutanisha msomaji na kitabu kinachomfaa, na kama inaweza kuendelezwa mwaka hadi mwaka kwa fedha na watumishi waliopo.

Wengi huanza kwa kuhesabu vitabu, na si vibaya, mradi hesabu isomwe hadi mwisho. Mwongozo wa huduma za maktaba za umma wa IFLA, ambalo ni shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, unatoa kadirio la jumla la vitabu kati ya 1.5 na 2.5 kwa kila mkazi, na unasema kwamba hata kituo kidogo kabisa kisiwe na vitabu pungufu ya 2,500. Kadirio hilo hunukuliwa mara nyingi. Kinachosahaulika ni kwamba mwongozo huohuo unataja pia kasi ya ununuzi: vitabu 250 kwa mwaka kwa kila wakazi 1,000 mahali penye wakazi wasiofikia 25,000, na vitabu 200 kwa kila wakazi 1,000 mahali penye wakazi zaidi ya 50,000. Tuseme mji una wakazi 20,000 na maktaba yake ina vitabu viwili kwa kila mkazi, yaani 40,000. Kwa kasi hiyo itanunua vitabu 5,000 kila mwaka, na kama rafu haziongezeki, vitabu 5,000 vitapaswa kutoka kila mwaka pia. Mkusanyo wote, kwa wastani, utakuwa umebadilika katika miaka minane. Maktaba ambayo imejaza rafu zake mara moja kwa fedha za uzinduzi na haikutenga fedha za miaka inayofuata imekwisha kufanya uchaguzi mbaya kabla ya kuchagua kitabu cha kwanza.

Nani achague vitabu

Njia iliyozoeleka kuliko zote ni mkutubi kuchagua kitabu kimoja kimoja, akisoma tahakiki, orodha za wachapishaji na takwimu za uazimaji, huku akiongozwa na sera ya mkusanyo iliyoandikwa na kuidhinishwa na bodi. Nguvu kubwa ya njia hii ni kwamba inaona mapengo. Msomaji anayetafuta kitabu kuhusu haki za mpangaji hajui kwamba rafu ya sheria imebakiwa na toleo moja lililopitwa na wakati. Mkutubi ndiye anayejua, kwa sababu yeye huutazama mkusanyo mzima. Ni njia hii pia inayowafikiria watu ambao hawajaingia maktaba: wasioona vizuri wanaohitaji maandishi makubwa au vitabu vya kusikiliza, watu wazima wanaojifunza kusoma, na wasomaji wa lugha zisizo na wachapishaji wengi. Mahitaji yao hayaonekani katika takwimu yoyote ya uazimaji kwa sababu bado hawana cha kuazima.

Udhaifu wake ni muda na upendeleo. Uteuzi wa kitabu kimoja kimoja unahitaji mtu mwenye ujuzi na saa za kutosha, na mtu huyo ana ladha yake, imani yake na hofu zake. Lester Asheim, mtaalamu wa ukutubi wa Marekani, aliandika mwaka 1953 kuhusu tofauti ya mteuzi na mdhibiti, akionyesha kwamba mteuzi hutafuta sababu za kukiweka kitabu ilhali mdhibiti hutafuta sababu za kukikataa. Tofauti hiyo bado ndiyo kipimo bora ninachokifahamu cha kujua kama sera ya uteuzi inafanya kazi. Mkutubi akijikuta anaziandika sababu za kukataa zaidi kuliko za kukubali, sera hiyo irudishwe mezani.

Njia ya pili ni kuwaachia wasomaji uongozi, kwa kununua kile wanachokiomba na kile ambacho takwimu zinaonyesha kinaazimwa. Charles Robinson, aliyeongoza maktaba za kaunti ya Baltimore katika jimbo la Maryland, Marekani, kwa zaidi ya miaka 30, aliitetea njia hii waziwazi: fedha ni za wananchi, basi na wapewe wanachokitaka. Hoja yake ina uzito. Kitabu kilichoombwa kina msomaji tayari, na maktaba inayojibu maombi kwa haraka hupata imani ambayo haiwezi kununuliwa kwa matangazo. Lakini maombi huja kutoka kwa wale waliokwisha kuizoea maktaba, tena hasa wale wenye ujasiri wa kuomba. Mkusanyo ukiongozwa na maombi peke yake, kundi dogo la wasomaji hodari huujenga kwa sura yao, na baada ya miaka michache mgeni anayeingia haoni kitu kinachomhusu. S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, katika kanuni tano za ukutubi alizozitoa mwaka 1931, aliweka kando kwa kando kanuni mbili ambazo njia hii inazitenganisha: kila msomaji apate kitabu chake, na kila kitabu kipate msomaji wake. Maombi yanaitimiza ile ya kwanza. Ya pili inamhitaji mkutubi.

Njia ya tatu ni kumkabidhi muuzaji wa vitabu maelezo ya mkusanyo unaotakiwa, yaani mada, viwango vya umri, lugha na bei za juu kabisa, naye akaleta vitabu kwa mpango wa kudumu bila kusubiri oda ya kila kitabu. Mara nyingi huletwa vikiwa vimekwisha kuwekwa lebo, jalada la plastiki na taarifa za katalogi, hivyo huenda rafuni siku ileile. Kwa maktaba kubwa yenye matawi mengi, saa zinazookolewa ni nyingi mno kupuuzwa. Gharama yake hulipwa mahali pengine: matawi yote huanza kufanana, wachapishaji wadogo husahaulika kwa kuwa hawamo katika orodha ya muuzaji, na watumishi hupoteza polepole uwezo wa kuchagua kwa sababu hawaufanyii mazoezi. Ninaiona njia hii inafaa pale ambapo uteuzi hauna mjadala, kama vile waandishi ambao kila kitabu chao kipya kitasubiriwa, marejeo yanayotoka kila mwaka na majarida. Haifai kabisa kwa historia ya eneo, kwa lugha za wachache wala kwa rafu za watoto wadogo, ambako ubora wa picha na wa karatasi hauonekani katika maelezo ya orodha.

Kuhusu vitabu vya msaada nitasema kwa ufupi na kwa uthabiti. Havina bei ya kununua lakini vina gharama zote nyingine: kupokelewa, kuchambuliwa, kuingizwa katika katalogi, kupewa nafasi rafuni, na hatimaye kuondolewa. Pia huonyesha kile ambacho mtoaji amemaliza kukitumia, jambo ambalo ni nadra kulingana na kile ambacho msomaji anakihitaji. Vipokelewe kwa masharti yaliyoandikwa: kitabu kikishatolewa ni mali ya maktaba, kitapimwa kwa vigezo vilevile vya kitabu kinachonunuliwa, na kisipofaa maktaba itakiuza, itakigawa au itakitupa bila kuomba ruhusa tena. Mtoaji asiyeyakubali masharti hayo ashukuriwe kwa heshima, na vitabu vyake avichukue.

Kama ningelazimika kuishauri maktaba yenye bajeti ya kawaida, ningesema sehemu kubwa ya fedha, zaidi ya nusu, ibaki katika uteuzi wa mkutubi. Karibu robo itengwe kwa ajili ya maombi ya wasomaji, ambayo yakubaliwe bila mjadala mrefu maadamu kitabu hakivuki bei na umri wa toleo uliowekwa. Na kinachobaki kiende kwenye mpango wa muuzaji. Kila ombi lipate jibu la maandishi, hata likikataliwa, kwa sababu ombi lisilojibiwa humfundisha msomaji kutoomba tena.

Vichwa vingi au nakala nyingi

Fedha zilezile zinaweza kununua vichwa 100 vya vitabu tofauti, nakala moja ya kila kimoja, au nakala 10 za kila kimoja kati ya vichwa 10. Anayetetea nakala nyingi ana takwimu upande wake: mtafiti wa Marekani Richard Trueswell alionyesha mwaka 1969 kwamba takriban asilimia 80 ya uazimaji hutokana na asilimia 20 hivi ya mkusanyo. Uchunguzi mwingine uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh na kuchapishwa mwaka 1979 ulikuta kwamba karibu asilimia 40 ya vitabu vilivyonunuliwa mwaka 1969 havikuwa vimeazimwa hata mara moja katika miaka sita ya mwanzo. Hiyo ilikuwa maktaba ya chuo kikuu, ambayo ina wajibu mkubwa zaidi wa kuhifadhi kuliko maktaba ya umma, lakini onyo lake linatuhusu sote.

Hata hivyo, takwimu ya Trueswell husomwa vibaya na watu wenye haraka. Haisemi kwamba vitabu vinavyobaki havina kazi, kwani ile asilimia 20 ya uazimaji inayobaki ni wasomaji halisi, na mara nyingi ndio waliokuja na haja kubwa zaidi: mtu mwenye maradhi yasiyo ya kawaida, kijana anayejifunza ufundi ambao hakuna jirani anayeufahamu. Mizani inayofaa hutokana na foleni. Maktaba nyingi huweka uwiano, kwa mfano nakala moja ya ziada kwa kila wasomaji watano wanaosubiri, na hununua nakala hizo pale tu foleni inapojionyesha. Kabla ya kununua nakala ya nne, ni busara kujaribu kwanza kufupisha muda wa kuazima kitabu hicho kutoka wiki tatu hadi moja, kwa sababu hatua hiyo haigharimu chochote na huiongezea kila nakala mzunguko mara tatu. Joto la kitabu kipya likipoa, nakala za ziada ndizo za kwanza kuondoka, na uamuzi huo uandikwe tangu siku ya kununua.

Karatasi au kielektroniki

Hapa ulinganisho wa bei peke yake hupotosha, kwa kuwa vitu viwili vinavyolinganishwa havifanani kisheria. Kitabu cha karatasi kikishanunuliwa ni mali ya maktaba: kinaazimwa hadi kitakapochakaa, kinaweza kutengenezwa, kuhamishiwa tawi lingine au kuuzwa. Kitabu cha kielektroniki, kwa maktaba nyingi, ni leseni yenye masharti, na masharti hayo hubadilishwa na mchapishaji. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliweka kikomo cha uazimaji 26 kwa kila leseni, na baada ya hapo maktaba hununua upya. Mwaka 2018 Penguin Random House iliacha kuziuzia maktaba za Marekani leseni zisizo na mwisho na kuanza kutoa za miaka miwili. Novemba 2019 Macmillan ilijaribu kuiruhusu kila maktaba nakala moja tu katika wiki nane za mwanzo za kitabu kipya, na baada ya malalamiko makubwa ya wakutubi ikaliondoa sharti hilo Machi 2020.

Anayelazimika kuchagua kati ya aina za leseni atazame mwendo wa kitabu. Leseni ya idadi ya uazimaji inafaa kwa kitabu kinachosomwa polepole: kikiazimwa mara nne kwa mwaka, zile mara 26 zitadumu zaidi ya miaka sita. Kitabu hichohicho kikiwa na foleni isiyokatika, na kila msomaji akakaa nacho siku 14, leseni itaisha ndani ya mwaka mmoja. Kwa kitabu cha namna hiyo leseni ya miaka miwili ni bora, kwa kuwa muda huo unatosha wasomaji 50 hivi. Lakini leseni ya miaka miwili iliyonunuliwa kwa ajili ya kitabu kinachoombwa mara tatu kwa mwaka ni fedha zilizopotea. Aina ya tatu, ambayo maktaba hulipa kila mara kitabu kinapoazimwa, humpa msomaji orodha ndefu bila foleni na inafaa sana kwa vitabu ambavyo hakuna anayejua kama vitasomwa. Hatari yake ni kwamba mafanikio yenyewe humaliza bajeti, hivyo lazima kuwe na kikomo cha mwezi kwa maktaba na kwa kila msomaji.

Vitabu vya kielektroniki vina mambo ambayo karatasi haiwezi kuyatoa. Maandishi hukuzwa kwa asiyeona vizuri, kitabu hupatikana usiku wa manane, hakipotei wala hakichelewi kurudi. Hata hivyo vinamhitaji msomaji awe na kifaa, chaji na intaneti, na maktaba ya umma haiwezi kuhamishia huduma yake mahali ambapo maskini wake hawafiki. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba karatasi iwe msingi, hasa kwa watoto, na kielektroniki kiongezwe pale takwimu zinapoonyesha kwamba kinawafikia watu wapya. Jambo moja lisisahauliwe: vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha hupatikana bure na kihalali, kama katika hazina ya Project Gutenberg iliyoanzishwa mwaka 1971, na hakuna sababu ya kuvilipia leseni.

Kutunza: kinga, ukarabati au nakala mpya

Kinga ni nafuu kuliko ukarabati karibu kila mara, na bado ndiyo inayopata fedha kidogo zaidi kwa sababu matokeo yake hayaonekani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa muda, kuvu huanza kuota katika karatasi na majalada, hivyo kipimo cha unyevu ukutani ni miongoni mwa vifaa vya kwanza kununuliwa. Rafu ziinuliwe kutoka sakafuni na zisigusane na kuta za nje, mwanga wa jua usitue juu ya migongo ya vitabu, na vitabu visimame wima, visibanwe wala visilale upande. Watumishi na wasomaji wafundishwe kutovuta kitabu kwa kukikamata juu ya mgongo, bali kusukuma ndani kidogo vitabu vya pembeni na kukishika katikati. Kitabu kilicholowa kiwekwe kwenye upepo au kigandishwe ndani ya saa 48, kabla kuvu haijaanza. Kitabu chenye wadudu kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye friza yenye baridi ya digrii 20 chini ya sifuri au zaidi, kwa wiki moja hadi mbili, badala ya kupuliziwa dawa ambayo baadaye itashikwa na mikono ya watoto.

Kitabu kinapoharibika, kuna njia tatu. Ukarabati wa ndani, kwa gundi nyeupe isiyo na asidi na karatasi nyembamba ya kuziba mipasuko, unafaa kwa kurasa zilizochomoka na mgongo uliolegea. Utepe wa kawaida wa kunata usitumike kamwe, kwa sababu gundi yake hugeuka ya njano, hupenya karatasi na huacha uharibifu mkubwa kuliko mpasuko wenyewe. Kukijalidi upya kwa fundi kunafaa kwa kitabu kisichochapishwa tena na kinachoendelea kuhitajika, mradi ukingo wa ndani wa kurasa uwe mpana, vinginevyo maneno yatamezwa na mshono. Na kununua nakala mpya ndiko kunakofaa kwa kitabu kinachopendwa na bado kinapatikana madukani, kwani saa za mtumishi nazo ni fedha, na zikikaribia bei ya nakala mpya hakuna hoja iliyobaki. Kabla ya yote matatu, liulizwe swali ambalo wengi hulisahau: je, kitabu hiki bado kinasomwa? Kutengeneza kwa uangalifu kitabu kisichotakiwa na mtu ni kazi nzuri iliyofanywa mahali pasipofaa.

Kuchuja

Hakuna sehemu ya kazi hii inayoogopwa kama kuondoa vitabu rafuni, na hakuna inayoleta faida ya haraka kuliko hiyo. Rafu iliyojaa hadi ukingoni humchosha msomaji. Ikipunguzwa, uazimaji wa vilivyobaki mara nyingi huongezeka, kwa kuwa sasa vinaonekana.

Kuna njia mbili kuu zinazostahili kulinganishwa. Ya kwanza ni CREW, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukagua, kutathmini na kuchuja mfululizo, iliyotokana na mwongozo wa Joseph Segal wa mwaka 1976 katika jimbo la Texas. Kila fungu la mada hupewa fomula ya tarakimu mbili na orodha ya kasoro. Kwa tiba fomula ni 5/3: kitabu kitazamwe kwa kuondolewa kama kina zaidi ya miaka mitano tangu kuchapishwa au kimepita miaka mitatu bila kuazimwa. Kwa kompyuta umri ni miaka mitatu, na uazimaji hauangaliwi kabisa, kwa sababu kitabu cha zamani cha kompyuta kinachoendelea kuazimwa kinaendelea kupotosha. Kasoro zinazotazamwa ni sita: kitabu kinachopotosha, kilichochakaa, kilichopitwa na toleo jipya, kisicho na uzito, kisichowahusu wasomaji wa maktaba hiyo, na kinachopatikana kwa urahisi mahali pengine. Njia ya pili ni ya mkutubi wa Marekani Stanley Slote, ambayo hutazama jambo moja tu, yaani muda ambao kitabu kimekaa rafuni tangu kilipoazimwa mara ya mwisho, kisha hutafuta kikomo ambacho vitabu vilivyo ndani yake vinabeba karibu uazimaji wote wa sasa.

Njia ya Slote ni ya haki kwa namna yake, kwa kuwa haitegemei ladha ya mtu, na kwa riwaya ndiyo ninayoichagua. Riwaya haipitwi na wakati kwa umri wake, na uazimaji ndio ushahidi bora kwamba ina wasomaji. Kwa vitabu vya maarifa haitoshi. Kitabu cha dawa chenye vipimo vya zamani kinaweza kuwa kinaazimwa kila wiki, na Slote angekiacha. CREW hukiondoa, na ni sahihi kukiondoa, kwa sababu maktaba inayomkabidhi mgonjwa habari zilizokwisha kukanushwa imemdhuru kwa mkono wake. Vitabu vya historia ya eneo, na nakala ya mwisho ya kitabu chochote katika mtandao mzima wa matawi, visiguswe na fomula yoyote bila mtu kukaa na kuviamua kimoja kimoja.

Kuchuja kidogo kidogo mwaka mzima, rafu moja baada ya nyingine, kunashinda operesheni ya mara moja, na sababu yake si ya kiufundi tu. Maktaba kuu ya San Francisco ilipohamia jengo jipya mwaka 1996, mwandishi Nicholson Baker aliishutumu hadharani kwa kupeleka idadi kubwa ya vitabu jalalani, na mzozo uliofuata uliwagusa wakutubi wengi nje ya jiji hilo. Wananchi hukasirika wanapogundua kwamba vitabu vilivyonunuliwa kwa fedha zao vimetupwa kwa wingi na kwa siri. Hawakasiriki vivyo hivyo wanapoona tangazo mlangoni linaloeleza vigezo, meza ya vitabu vinavyouzwa kwa bei ndogo, na rafu zilizopata nafasi ya vitabu vipya. Vigezo hivyo viwe ndani ya sera ileile ya uteuzi, ili anayenunua na anayeondoa wawe wanasoma ukurasa uleule. Na kitabu kilichoondolewa kwa kuwa kinapotosha kisigawiwe shule wala maktaba nyingine, kirejelezwe.

Kutangaza

Tangazo la kwanza la mkusanyo ni mpangilio wake. Mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada na uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, unafahamika duniani kote, hurahisisha ushirikiano kati ya maktaba, na humwezesha mtumishi kukipata kitabu kimoja kati ya maelfu. Mgeni asiyeujua huziona namba tu. Mwaka 2007 tawi la Perry katika mji wa Gilbert, Arizona, liliachana nao na kupanga vitabu kwa mada kama madukani, na maktaba nyingine chache zikafuata. Kwa mkusanyo mdogo wenye wageni wengi mpangilio huo huvutia. Kwa mkusanyo wa makumi ya maelfu ya vitabu huanza kuhitaji vijimada vingi hadi unarudia ugumu uleule. Njia ya katikati inatosha maktaba nyingi: namba zibaki, juu yake kuwe na maandishi makubwa ya mada kwa maneno ya kawaida, na riwaya pamoja na vitabu vya watoto vipangwe kwa aina yake.

Baada ya hapo, meza ya maonyesho ndiyo njia yenye faida kubwa kwa kazi ndogo. Vitabu 15 au 20 vinavyoonyesha sura zake za mbele, karibu na mlango, kwa mada moja iliyo wazi, huazimwa na watu ambao wasingevitafuta kamwe. Masharti yake ni machache lakini hayana msamaha: kila kitabu kiweze kuazimwa hapohapo, nafasi iliyoachwa ijazwe siku hiyohiyo, na mada ibadilishwe kabla haijazoeleka. Vitabu vizuri vilivyosahaulika rafuni viwekwe hapo kuliko vile vinavyojitangaza vyenyewe. Anayetaka kujua kama meza inafanya kazi alinganishe uazimaji wa vitabu vilevile katika mwezi wa maonyesho na katika miezi iliyotangulia. Kuhesabu waliosimama kutazama hakumwambii kitu.

Ushauri wa ana kwa ana, ambapo mtumishi anauliza msomaji alifurahia nini mara ya mwisho na kwa nini, hushinda mapendekezo ya kompyuta kwa ubora, ingawa hauwezi kuwafikia watu wengi kwa mara moja. Programu inayopendekeza vitabu kwa kufuata historia ya uazimaji huwafikia wote, lakini huitaka maktaba itunze kumbukumbu ya kile ambacho kila mtu amesoma. Kumbukumbu hiyo isitunzwe ila kwa ridhaa ya mwenyewe. Mtu anayesoma kuhusu ugonjwa wake au ndoa yake anastahili siri, na akianza kuwa na shaka ataacha kusoma kabla hajaacha kuazima.

Kampeni ya mji mzima kusoma kitabu kimoja, iliyoanza Seattle mwaka 1998 kwa juhudi za mkutubi Nancy Pearl, huleta mazungumzo ambayo meza ya maonyesho haiwezi kuyaleta, lakini inahitaji nakala nyingi, washirika na miezi ya maandalizi, na nakala hizo zitarudi rafuni zikiwa nyingi kuliko wasomaji. Kinyume chake ni kuwafuata wasomaji walipo, kama alivyofanya Mary Titcomb katika kaunti ya Washington, Maryland, mwaka 1905 alipotuma gari la farasi lililobeba vitabu mashambani. Gari la vitabu hugharimu zaidi kuliko njia zote zilizotajwa hapa, na ndilo pekee linalomfikia mtu ambaye hatakuja.

Kwa hiyo maktaba yenye mtumishi mmoja au wawili ianze na maandishi ya mada, meza moja inayotunzwa vizuri na jibu kwa kila ombi, na isijaribu kampeni ya mji mzima hadi kazi hizo tatu ziwe mazoea. Maktaba yenye watumishi wa kutosha na mkusanyo uliokwisha kuchujwa ipeleke nguvu zake nje ya jengo, kwanza shuleni na hospitalini ambako makubaliano ya kuacha sanduku la vitabu na kulibadilisha kila mwezi hayahitaji gari maalumu. Ile ambayo rafu zake bado zimejaa vitabu vilivyopitwa na wakati isitangaze chochote kwanza, kwa sababu msomaji anayeitikia mwaliko akakuta kitabu kibovu ni vigumu kumwalika mara ya pili. Fedha za mabango zitumike kulipa saa za mtu wa kuchuja.